Vumbi la Dodoma na Kompyuta Zinazodhaniwa Zimekufa

Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Mtama na uwele vikishavunwa, mashamba hubaki matupu, na kuanzia Juni upepo huyapitia ukiinua udongo mwekundu na kuuleta mjini. Unafuta meza asubuhi, adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi, yameongezeka malori ya mchanga, barabara zinazochimbwa na nyumba zinazoinuka kila mtaa, na saruji ikajiunga na udongo. Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na hapa kwetu sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupambana na vumbi.

Nilijifunza kwenye kibanda kimoja karibu na Soko la Majengo, kwa fundi aliyeanza na redio na televisheni miaka mingi kabla kompyuta za mitumba hazijaanza kumiminika. Kila mtu alimwita Mzee. Mimi aliniita binti, hata siku alizoudhika. Mteja alipotua sipiyu yake kauntani na kusema imekufa, Mzee hakuuliza ilinunuliwa wapi wala ina umri gani. Aliuliza inakaa wapi. Mezani au sakafuni? Dirisha liko upande gani? Chumba kinafagiliwa kikavu au kinanyunyiziwa maji kwanza? Jikoni ni mbali? Baadhi ya wateja waliona anapoteza muda. Kisha kasha lilifunguliwa, na majibu yote yalikuwa mle ndani.

Makasha yale nayakumbuka kwa rangi zake. La ofisi iliyokuwa kando ya barabara ya udongo lilikuwa jekundu mpaka kwenye nyaya. La duka la kuchapa barua lililopakana na mama lishe lilikuwa jeusi na lenye kunata, kwa sababu moshi wa mafuta hushikana na vumbi na kuligandisha. La darasani lilikuwa jeupe kwa chaki. Lakini mahali pamoja palifanana kwa yote: kati ya feni ya prosesa na vile vibati vyembamba vya alumini vilivyo chini yake, ambavyo mafundi tunaviita hitisinki. Hapo vumbi lilikuwa limeshikamana kwa miaka hata likabanduka kipande kizima, kama ukoko wa ugali.

Kompyuta ya mezani haina njia nyingine ya kupoa isipokuwa hewa. Prosesa hutoa joto, hitisinki hulipokea na kulisambaza kwenye mapezi yake, feni hupitisha hewa katikati ya mapezi hayo, na hewa ya moto hutokea nyuma ya kasha. Feni hiyohiyo inayovuta hewa ndiyo inayovuta vumbi. Mapezi yakishaziba, feni itazidi kuzunguka na kupiga kelele, lakini hewa haipiti. Prosesa nyingi za Intel zina kinga ya ndani: joto lake likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na likizidi kupanda kompyuta hujizima ili isiungue. Mtumiaji anayaona matokeo tu. Kwanza kompyuta inakuwa nzito, halafu inaanza kujizima katikati ya kazi, hasa mchana, na hasa Oktoba na Novemba, joto la Dodoma linapokuwa kali. Atadhani ni virusi. Atalipa aondolewe virusi, atalipa tena awekewe Windows upya, na mchana ukifika mashine itajizima vilevile. Mwishowe ataiandika kuwa mbovu.

Shule moja ya sekondari kwenye barabara ya kwenda Bahi ndiyo iliyonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Mwalimu wa kompyuta, kijana mwenye moyo wa kazi, alinipigia simu akasema, "Dada fundi, naomba uje utuandikie ripoti kwamba hizi zimekufa, ili mkuu aombe nyingine." Zilikuwa kompyuta za msaada, zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya kabla ya kufika kwetu. Chumba chenyewe kilikuwa darasa la kawaida: ubao mbele, chaki, madirisha ya nondo yasiyo na vioo, na uwanja wa mpira ng'ambo ya ukuta. Kompyuta nyingi zilikuwa zimerundikwa pembeni, kila moja imeandikwa "mbovu" kwa kalamu ya wino mzito. Nilimwambia, "Mwalimu, ripoti siandiki kabla sijafungua." Tukatoa meza chini ya mti, tukaanza kufungua moja baada ya nyingine.

Zaidi ya nusu ya zile zilizoandikwa "mbovu" ziliwaka kabla ya magharibi, bila kubadilishiwa kifaa hata kimoja. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wamejifunza kibodi kwa kuichora kwenye daftari, huku mashine zenyewe zimerundikwa nyuma ya migongo yao. Jambo lile linaniuma mpaka leo. Watoto wale hawakukosa kompyuta. Walikosa mtu wa kuzifungua asiyeogopa, na anayejua nini cha kuogopa.

Maana vya kuogopa vipo, na cha kwanza ni umeme.

Mzee alikuwa na kanuni asiyoivunja: bisibisi haiguswi mpaka waya wa umeme umechomolewa nyuma ya kasha na kuwekwa mahali unapoonekana kwa macho. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa, pawa saplai yake huendelea kuipelekea mazabodi volti 5 za kusubiri, ili kitufe cha kuwashia kiweze kusikika. Ukichomoa ramu au kadi wakati huo, unachomoa kitu chenye umeme. Kwa hiyo izime kwa utaratibu wake, zima swichi ya ukutani, chomoa waya, kisha chomoa na nyaya za monita, printa na mtandao, kwa kuwa monita na printa zina umeme wake na zinaweza kuuleta kwa mlango wa nyuma. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kama 10. Mara nyingine utaona feni inajitikisa au taa inamulika mara moja na kuzimika. Huo ni umeme uliokuwa umebaki ndani, na sasa umekwisha.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nje havilisemi. Kompyuta nyingi za mitumba huja na plagi za Ulaya za miguu miwili ya duara, wakati soketi zetu ni za matundu matatu. Watu huingiza kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ili vilango vya ndani vifunguke, kisha huisukumiza plagi. Kompyuta inawaka, lakini waya wa ethi haujashikana na chochote. Nyumba nyingine zina soketi za matundu matatu ukutani, na nyuma yake ethi haikuwahi kufungwa kabisa. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zilizowekwa ili kupeleka makelele ya umeme ardhini. Ethi ikikosekana, kapasita hizo huliacha kasha lote la chuma likiwa na karibu nusu ya volti 230 za umeme wetu. Mkondo wake ni mdogo mno, lakini ukipitisha mgongo wa mkono juu ya chuma unausikia ukitetemesha. Pale shuleni wanafunzi walisema kompyuta ya dirishani "inang'ata", na walimu walidhani ni utundu. Watoto walikuwa wanasema kweli. Anayesafisha kompyuta ya namna hiyo na waya ukiwa bado umechomekwa anachezea hatari, na shule inayoiona inapaswa kumwita fundi umeme kabla ya kumwita fundi kompyuta.

Cha pili ni umeme tuli, na Dodoma tunao kuliko wenzetu wa pwani. Dar es Salaam au Tanga hewa ina unyevu, na unyevu huondoa chaji mwilini taratibu bila mtu kujua. Dodoma ya Julai hewa ni kavu na usiku ni wa baridi. Ukivua sweta gizani unaona cheche, na ukishika kitasa cha chuma kidole kinaruka. Ili mtu ausikie mshtuko ule, mwili wake lazima uwe umebeba kama volti 3,000. Vipande vya ramu na vya mazabodi huweza kuumizwa na volti mia kadhaa, vingine hata pungufu ya hapo. Maana yake unaweza kuharibu ramu kwa mguso ambao wewe mwenyewe hukuusikia. Baya zaidi, si lazima ife palepale. Inaweza kudhoofika, ikafanya kazi mwezi mzima, kisha ikaanza kukwamisha kompyuta bila sababu ya kuonekana. Msimu uleule unaotuletea vumbi ndio unaoifanya mikono yetu kuwa ya hatari.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama. Kinachotakiwa ni wewe na kasha muwe na chaji sawa, ili isiwepo ya kuruka kutoka kwako kwenda kwenye kifaa. Gusa chuma kitupu cha kasha, mahali pasipo na rangi, kabla ya kugusa chochote cha ndani, na urudie kila unaposogea, unapoinuka au unapopokea kitu kutoka kwa mwenzako. Mzee alikuwa akilaza mkono wake wa kushoto juu ya ukingo wa kasha muda wote, mkono wa kulia ukifanya kazi, na nimekuta mazoea hayo yanatosha. Mwenye mkanda wa mkononi wa mafundi aufunge, kibanio chake kikishika chuma kitupu. Sweta la nailoni livuliwe, kazi isifanyikie juu ya kapeti, na ramu ikitolewa ilale juu ya karatasi au boksi, isiwekwe juu ya mfuko wa plastiki.

Kwa sababu hiyohiyo siingizi mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani ndani ya kasha. Hewa na vumbi vinapokimbia ndani ya bomba la plastiki huzaa umeme tuli kwenye mdomo wake, na mdomo huo ndio unaopita juu ya mazabodi. Itumike sakafuni na mezani, kazi ikiisha.

Kompresa ya fundi wa pancha inanitisha zaidi. Kijana wa ofisi jirani na kibanda chetu aliwahi kuipeleka kompyuta ya bosi wake kwa fundi wa matairi, wakaifungua na kuipuliza kwa nguvu zote. Vumbi lilitoka wingu zima na kila mtu akafurahi. Feni ya nyuma ililia kama king'ora, jani lake moja likakatika. Kompyuta ilipofika kwetu, Mzee alipitisha kidole kwenye mazabodi, kikaloa. Kompresa zile huhifadhi hewa kwa shinikizo la hadi baa 8 au zaidi. Hewa iliyobanwa hutoa maji, maji hukaa chini ya tangi pamoja na mafuta ya mashine, na ukifungua bomba vyote huja pamoja. Maji na vumbi laini hufanya tope linalopitisha umeme, na tope hilo linaingia chini ya vifaa mahali ambapo burashi haifiki. Mashine ile haikuinuka tena. Ilikuwa nzima asubuhi ya siku ile, ina vumbi tu.

Hilo la feni lisichukuliwe kirahisi hata kwa anayetumia bloa ndogo. Feni imeundwa kuzunguka kwa kasi fulani. Hewa ikiizungusha kupita kasi hiyo, beringi zake huumia na inaanza kukwaruza baada ya siku chache. Mota inayozungushwa kwa nje pia hugeuka kuwa jenereta, nayo inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Ishike kwa kidole au izuie kwa kijiti cha mbao kabla ya kuipulizia. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, hili ndilo ambalo watu husahau haraka kuliko mengine, pengine kwa sababu feni inayozunguka inapendeza kuitazama.

Vifaa vyangu vinaenea kwenye mfuko mmoja. Burashi ya kupakia rangi ya inchi moja, mpya, ya nywele za asili, kwa kuwa za nailoni huzaa umeme tuli zaidi. Bombo la mpira la kupulizia, au bloa ndogo ya umeme kwenye kasi ya chini. Pasipo na umeme nimetumia pampu ya baiskeli, nikaisukuma taratibu, na ilifanya kazi vizuri. Vijiti vya pamba. Kichupa cha alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, inayokauka haraka na isiyoacha kitu. Ile ya asilimia 70 ina maji, hivyo anayeitumia asubiri sana kabla ya kuwasha. Vitakasa mikono vilivyoenea wakati wa korona havifai kabisa, kwa sababu vina ute unaobaki juu ya vifaa. Petroli na tina ndiyo usivikaribishe hata chumbani. Makopo ya hewa yanayouzwa kwenye maduka ya mijini hufaa, ila ajue mtumiaji kwamba ndani mna gesi iliyogandamizwa hata ikawa kimiminika, na nyingi ya gesi hizo hushika moto. Kopo lishikwe wima, lipulizwe kwa vipindi vifupi, mbali na jiko na sigara. Ukilipindua, kimiminika chenye baridi kali hutoka na kugandisha kilicho mbele yake.

Kazi yenyewe hufanywa nje, kivulini, upepo ukiwa mgongoni, barakoa usoni. Vumbi la darasani na la simenti si la kuvuta puani. Kabla ya kuchomoa waya wowote, piga picha kwa simu, tena karibu, ili rangi na matundu yaonekane. Vile vinyaya vyembamba vya kitufe cha mbele vimewaliza mafundi wengi. Laza kasha ubavu. Anza na burashi kavu, kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza, ukilegeza vumbi kwanza na kulipuliza baadaye. Anayeanza na kupuliza hulisukuma vumbi ndani ya matundu ya ramu na ya kadi, na hapo amejiongezea kazi.

Ukifika kwenye prosesa, tulia. Katika kompyuta nyingi za ofisi, feni imeshikwa juu ya hitisinki kwa skrubu zake yenyewe. Ifungue feni peke yake, uiache hitisinki mahali pake, na ukoko wa vumbi utauona umelala juu ya mapezi. Uinue kwa vidole, kisha pitisha burashi katikati ya mapezi kwa kufuata mistari yake. Hitisinki yenyewe usiing'oe kama huna pesti mpya ya kupitisha joto. Ile ya zamani ikishaachana na prosesa haishikani tena sawasawa, na kompyuta itapata joto kuliko kabla hujaisafisha. Kama lazima itoke, na kompyuta ni ya AMD ya zamani yenye prosesa ya pini, iwashe kwanza kwa dakika chache ili pesti ilainike, izime na kuchomoa waya, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukivuta moja kwa moja, prosesa huweza kung'oka pamoja nayo, na pini zikipinda kazi imekuwa nyingine. Kwenye soketi za Intel zilizokuja kuanzia 2004 pini ziko upande wa mazabodi. Burashi isipite hapo hata siku moja.

Ramu nyingi zinazodhaniwa zimekufa ni chafu tu kwenye meno yake ya shaba. Kompyuta inapiga milio, skrini haionyeshi kitu. Itoe kwa kufungua vibanio vya pembeni, ishike kwa kingo, ifute meno kwa kijiti chenye alkoholi, iache ikauke, irudishe mpaka vibanio vilie. Mafundi wengi husugua kwa kifutio cha penseli. Sikatazi, mradi kiwe laini na cheupe, kisuguliwe mbali na kasha, na makombo yafutwe. Kile cha kufutia wino kina chembe za mchanga, kinakwangua.

Pawa saplai haifunguliwi. Hili nalisema bila kulipunguza. Ndani yake mna kapasita kubwa inayobeba umeme uliogeuzwa, takribani volti 325, na inaweza kubaki nao hata baada ya waya kuchomolewa. Wengine wamekuwa wakijifunza ufundi kwa kufungua kila chenye skrubu, na kwa redio ya betri hakuna neno, lakini hapa zoea hilo linaweza kuondoka na mtu. Ipulizwe kutoka nje, kupitia matundu yake, feni ikiwa imezuiwa kwa kijiti cha mbao, vumbi litoke upande wa pili. Isipotosha, ibadilishwe nzima.

Ndani ya makasha ya shule za vijijini tunakuta na wakazi. Mjusi hupenda joto la pawa saplai, na mwili wake ukigusa sehemu mbili kwa pamoja hufa na kuiua mashine. Nyigu hujenga udongo kwenye matundu ya nyuma. Kiota cha panya ndicho kinachotaka uangalifu zaidi: usikipulize kikiwa kikavu, maana mkojo na kinyesi chake vikipeperuka hubeba maradhi. Vaa glavu na barakoa, kitoe kwa mkono na ukitie kwenye mfuko, kisha futa kwa alkoholi. Wageni hawa wengi huingia kupitia nafasi za vile vibati vya nyuma vilivyong'olewa kadi ilipotolewa na havikurudishwa. Kipande cha bati na skrubu moja vinawazuia.

Kabla ya kufunga, zungusha kila feni kwa kidole. Inayokwama, fungua stika iliyo katikati yake, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani, futa vizuri, bandika tena. Rudisha nyaya kwa kufuata picha. Washa kasha likiwa bado wazi, ukae mbali nalo kidogo, na uhakikishe feni zote zinazunguka. Tarehe ikirudi miaka mingi nyuma, usishtuke. Betri ya CR2032 ya volti 3 imechoka, nayo huuzwa hata kwa mafundi saa. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa madai ya usalama, na watu watalaumu mtandao bure.

Kuhusu kuzuia vumbi lisirudi, mengi tunayajua tangu utotoni ila hatuyapeleki kwenye chumba cha kompyuta. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, au ifutwe kwa tambara bichi. Kasha likae mezani, au juu ya matofali mawili kama meza ni ndogo. Ubao wa chaki utoke chumba hicho. Na vile vitambaa vizuri vya kudarizi tunavyovifunika juu ya televisheni na kompyuta viwekwe baada ya mashine kuzimwa na kupoa. Ikiwa inafanya kazi huku imefunikwa, joto halina pa kutokea, na kitambaa kimefanya kazi ya vumbi.

Wakati nao una maana yake. Shule nyingi huniita Juni, kwa sababu ni likizo. Kwa Dodoma mimi hushauri Desemba. Msimu wa upepo umekwisha, kwa hiyo unalitoa vumbi la mwaka mzima na halirudi wiki inayofuata. Mvua zimeanza, hewa ina unyevu, na umeme tuli umepungua. Wanafunzi wameondoka, mashine zinaweza kulala wazi mezani bila kuguswa. Shule iliyo kando ya barabara ya udongo iongeze mara moja zaidi katikati ya mwaka, kwa uangalifu mkubwa zaidi wa mikono.

Nawaomba wakuu wa shule, wa Dodoma, Singida, Shinyanga na kokote ambako upepo una udongo: Desemba hii, kabla hamjaandika barua ya kuomba kompyuta nyingine, tengeni siku moja, nunueni burashi na alkoholi, mwiteni mwalimu wa kompyuta na vijana wawili watatu wanaopenda ufundi, mchomoe nyaya zote, na mfungue zile zilizoandikwa "mbovu". Nyingi kati yake zinaweza kurudi darasani Januari.